MCHONGAJI NAYE ANA JINA

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ndivyo walivyonena wahenga. Katika toleo hili, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nataka tumzungumzie mnyonge mmoja ambaye kazi yake tunaiona kila siku lakini yeye mwenyewe hatumjui. Huyo ni mtu aliyechonga, aliyechora au aliyesuka mapambo ya hoteli zetu za hapa Kisii na Nyamira. Tunayatazama tukinywa chai, tunalipa, tunaondoka. Hakuna anayeuliza: hiki kilitoka wapi? Nani alikitengeneza? Mimi nasema huko ni kumdhulumu mtu jasho lake, na nasema dhuluma hii inaweza kupunguzwa na wanafunzi kama sisi kwa daftari na kalamu tu.

Hoteli ninazozisema si zile za vitanda na taulo. Nasema hoteli za kula, zile za stendi, za Daraja Mbili siku ya soko, na zile zilizo kando ya barabara ukishuka kutoka mlima wetu wa Nyanchwa kwenda mjini. Ingia katika mojawapo ya zile za zamani. Agiza obokima na chinsaga. Chakula kikichelewa, kama ilivyo desturi, inua macho utazame. Ndani ya kabati la kioo utamwona kifaru wa jiwe aliyekatika pembe. Ukutani kuna obokano, ile zeze yetu kubwa ya Wagusii yenye nyuzi nane, ila hii imebaki na nyuzi tatu. Kuna kibuyu, kuna ngao na mikuki miwili iliyopishanishwa. Kuna simba aliyechorwa kwa rangi ya mafuta, macho yake kama ya binadamu. Kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ambayo mwaka wake uliisha kitambo. Juu ya keshia kuna maandishi ya mkono yaliyopakwa kwa brashi: "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Hayo maandishi peke yake yangetosha kukiamsha chama chetu! Mtu ambaye pengine hakumaliza shule ya msingi aliichukua methali ya Kiswahili, akaipaka ukutani kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, na kila siku wateja wanaisoma, wanacheka, wanalipa. Je, si mwalimu wa Kiswahili huyo?

Sasa basi, mambo haya yanatoweka. Hoteli ikipata mwenyeji mpya, jambo la kwanza ni kupaka ukuta rangi moja na kubandika vigae. Panawekwa televisheni kubwa na maua ya plastiki. Orodha ya vyakula inachapishwa kwa kompyuta. Sina ugomvi na vigae, kwa maana vigae husafishika, na usafi ni afya. Ugomvi wangu ni kwamba kifaru na obokano hupelekwa stoo, kutoka stoo huenda jaani, na cha mbao huishia jikoni kikawa kuni za kuchemshia maharagwe. Hakuna aliyeandika lolote. Ni kana kwamba hakikuwahi kuwako.

Huenda msomaji ukaniuliza, "Wewe nawe, mapambo ya hoteli ni jambo la kuandikiwa makala kweli?" Subiri nikupe habari za wenzetu wa Marekani. Huko, kuanzia miaka ya 1930, palizuka mikahawa iliyopambwa kama visiwa vya bahari ya Pasifiki. Iliyotangulia ni ya Don the Beachcomber kule Hollywood na Trader Vic's ya mji wa Oakland. Ndani yake mlikuwa na mianzi, mikeka, nyavu za wavuvi, taa zilizotengenezwa kwa ngozi ya samaki, na masanamu ya mbao yanayoitwa tiki. Vinywaji viliuzwa katika vikombe vya udongo vyenye sura ya sanamu hizo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi waliotoka Pasifiki waliporudi nyumbani, mikahawa hiyo ikaenea kama moto wa nyika. Kufikia miaka ya 1970 mtindo ukachuja. Mikahawa mingi ikafungwa au kubomolewa, na mapambo yake yakauzwa kwa bei ya bure au kutupwa.

Kisha wakatokea watu wakaanza kuyatafuta. Wanazunguka kwenye masoko ya mitumba na minada. Akipata kikombe, mtu anakigeuza kwanza atazame kitakoni, kwa sababu huko ndiko kuna muhuri wa kiwanda au jina la mkahawa. Akipata sanamu, anatafuta kadi za posta za zamani, vijisanduku vya kiberiti na orodha za vyakula, aone kama sanamu hiyo inaonekana kwenye picha ya ukumbi fulani. Kwa njia hiyo anaweza kusema: sanamu hii ilisimama mlangoni pa mkahawa fulani, na fundi wake alikuwa fulani. Katika mji wa Whittier, California, kulikuwa na karakana iitwayo Oceanic Arts, iliyoanzishwa mwaka wa 1956 na mafundi wawili, Leroy Schmaltz na Bob Van Oosting. Hao walichonga na kuuza mapambo ya mikahawa hiyo hadi karakana ilipofungwa mwaka wa 2021. Majina yao yanajulikana, na kazi zao watu wanazifuatilia.

Lakini hebu tutazame upande wa pili wa shilingi hiyo. Kwa Wamaori wa Nyuzilandi na kwa watu wa visiwa vya Marquesas, tiki si kikombe cha pombe. Ni umbo la binadamu lenye uzito, linalohusiana na mtu wa kwanza na mababu. Mchongaji wa California anakumbukwa, naye mwenye asili ya umbo lile akabaki pambo la mlangoni. Hapo ndipo tunapopata somo letu lenye sehemu mbili: kufuatilia vitu ni vizuri, lakini ukifuatilia, fuatilia hadi mwisho, hadi umfikie mwenye mali.

Turudi nyumbani. Sisi wa Nyanchwa hatuna haja ya kuvuka bahari. Tuna Tabaka huko Mugirango Kusini, mwendo wa matatu tu kutoka Kisii mjini. Jiwe la Tabaka linajulikana dunia nzima kama jiwe la Kisii, au jiwe la sabuni kwa ulaini wake. Kuna jeupe, kuna la manjano, la waridi, la kijivu, na mengine yenye mishipa kama nyama. Linachimbwa kwa mikono, kwa jembe, sururu na mtaimbo, katika mashimo ambayo wakati wa mvua huwa ya hatari, maana kingo hulainika zikaporomoka. Jiwe likitoka, fundi hulikata kwa msumeno na kulichonga kwa panga dogo na kisu. Kisha, mara nyingi, kina mama huchukua zamu: hukaa na beseni la maji, wakalisugua jiwe kwa msasa wa namna mbalimbali, mzito kwanza, mwepesi mwisho, hadi linateleza kama yai. Mwisho hupakwa nta ling'ae, au likatiwa rangi na kuchorwa kwa ncha kali. Kwa hiyo kifaru mmoja mdogo wa hotelini amepita mikono ya mchimbaji, mchongaji, msuguaji na mpaka rangi. Jamaa wote hao, na kitakoni mwa kifaru pameandikwa nini? "Made in Kenya." Basi!

Yaani nchi nzima imechonga? Ile nchi yenye watu zaidi ya milioni hamsini imekaa chini ikamchonga kifaru mmoja? Afadhali hata kikombe cha pombe cha Marekani kina jina la mkahawa.

Msidhani Mgusii hawezi kujulikana kwa jina. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga ndege wa amani kwa jiwe, na sanamu hiyo kubwa imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, Ufaransa. Ukiiona, hutaambiwa ni "kazi ya Kenya" tu; utaambiwa ni ya Ong'esa wa Tabaka. Kwa nini yeye ajulikane na jirani yake asijulikane? Kipaji ni sababu mojawapo, sikatai. Lakini sababu nyingine ni kwamba kazi yake iliandikwa. Imepewa jina, fundi ametajwa, na mahali ilipo panajulikana. Ya jirani yake ilinunuliwa na broka, ikafungwa kwa magazeti kwenye katoni, na huko njiani jina likadondoka.

Faida ya jina ni nini? Nitataja tatu.

Kwanza, jina ni historia. Leo ukiona twiga wa mbao katika hoteli ya watalii, unajua kwamba huenda amechongwa na Wakamba. Je, Wakamba walianza lini kuchonga vinyago vya kuuza? Jibu lipo, na lipo kwa sababu mtu mmoja alikumbukwa kwa jina. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza uchongaji kutoka kwa mafundi wa Kizaramo, akarudi nao kwao. Kutoka kwake ufundi ukaenea kijijini, na hatimaye ukafika Nairobi na Mombasa. Lau jina hilo lingepotea, tungekuwa tunadanganyana kwamba Wakamba wamewauzia wageni twiga tangu enzi na enzi.

Pili, jina ni mali. Hapa nitawapa mfano wa jirani zetu wa Tanzania. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka wa 1932, alianza mnamo 1968 kuchora wanyama na ndege kwenye vibao kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli, jijini Dar es Salaam. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka wa 1972, akidhaniwa ni mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu! Lakini jina lake lilibaki juu ya kazi, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza. Hadi leo picha za namna hiyo huitwa Tingatinga, zinapamba hoteli na mikahawa kutoka Zanzibar hadi Ulaya, na vijana wengi wanapata riziki kwa jina hilo. Mtu akitaja jina lake, mnunuzi anaongeza bei. Mchongaji wetu asiye na jina hupangiwa bei na broka, naye husema asante.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, jina ni ulinzi. Kitu kilichoandikwa kikiibwa kinaweza kurudi. Sikilizeni kisa cha vigango vya Wamijikenda. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa mfano wa mtu, ambayo Wagiriama na ndugu zao wa pwani humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Si pambo. Ni mzee wa nyumba, na hang'olewi hata ukoo ukihama. Lakini kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wezi wakaanza kuving'oa usiku na kuwauzia wafanyabiashara wa sanaa. Vikafika Marekani, vikasimamishwa sebuleni mwa matajiri na waigizaji wa filamu, vikawa fenicha! Watu wanakunywa mvinyo kando ya babu wa mtu.

Mwaka wa 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa huko pwani akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si muda vigango vikaibwa. Mwaka wa 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti huyo akaonyeshwa picha ya kigango kilichokuwa katika jumba la makumbusho. Akakitambua! Ni kilekile cha kwenye picha yake. Kimoja kilikuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, na mwaka wa 2007 vikakabidhiwa familia. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30, ambavyo vilifika Kenya mwaka wa 2019. Hivyo 30 vilirudi nchini, lakini kwa kuwa havikuwa na picha wala maandishi ya kwao, ni vigumu mno kusema kila kimoja ni cha boma lipi.

Mmeona tofauti? Viwili vilikuwa na picha moja, mwaka mmoja na jina la kijiji, vikafika hadi mlangoni. Thelathini vilikuwa na sifa za uzuri tu, vikaishia mjini. Picha moja, bwana! Ile ile ambayo leo mtoto wa darasa la tano anaweza kuipiga kwa simu ya mamake.

Kwa ajili hiyo, napendekeza chama chetu kianzishe Daftari la Mapambo ya Hoteli za Gusii. Najua mtaanza kunung'unika, kwa hiyo acheni niyajibu manung'uniko kabla hayajafika jukwaani.

Wako watakaosema, "Hizi ni takataka." Naam, ni takataka leo. Vikombe vya tiki navyo vilikuwa takataka. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka wa 1966, alikuwa akikusanya vitabu, vinyago, nguo na vyombo vya Afrika wakati ambapo wengi waliona fahari katika vyombo vya kioo kutoka Ulaya. Leo sehemu kubwa ya vitu alivyokusanya iko katika jengo la Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, na watoto wa shule hupangwa foleni kwenda kuvitazama.

Wako watakaosema, "Hiyo ni kazi ya serikali na makumbusho." Kweli, ni kazi yao, na tuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Vilevile, mradi mmoja ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kati ya 2018 na 2021 uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje. Elfu thelathini na mbili! Sasa wataalamu wanaohangaika na hesabu ya namna hiyo watapata wapi nafasi ya kuja kutazama kifaru cha hoteli ya Keroka au Ogembo? Atakayemtazama ni wewe unayekula pale.

Wako watakaosema, "Sisi tuna mtihani." Hapo ndipo mnaponichekesha. Katika Karatasi ya Tatu tunaulizwa njia za kukusanya fasihi simulizi: mahojiano, uchunzaji, kurekodi, kushiriki. Tunazikariri kama kasuku. Mwanafunzi ameandika "faida tano za mahojiano" naye hajamhoji hata nyanya yake! Daftari hili ni marudio ya mtihani, tena yenye chai na mandazi.

Na wako watakaonong'ona kwamba vinyago ni ushirikina. Hao nawaambia kwamba kuandika jina la fundi si kuabudu kinyago. Ukiandika jina la seremala aliyetengeneza dawati lako, umeliabudu dawati?

Sasa tufanyeje? Simu shuleni haturuhusiwi, na hilo silipingi hapa. Lakini likizo tunakwenda nyumbani, wengine Suneka, wengine Keroka, wengine Nyamira na Nyansiongo. Kila mmoja achague hoteli moja tu ya kwao. Aombe ruhusa kwa mwenye hoteli kwa adabu, na akikataa, amshukuru aende zake. Akikubali, achore au apige picha ya pambo mbele, nyuma na chini. Tazama kitakoni, kwa maana fundi mwenye haya huficha herufi za jina lake huko. Andika rangi ya jiwe, urefu kwa rula, na mahali palipovunjika. Kisha uliza: ulinunua wapi, kwa nani, lini?

Hapo kwenye "lini" ndipo pana ufundi. Ukimwuliza mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" atakutajia mwaka wowote ili umwache apumzike. Msalimie kwanza, "Bwakire buya, tata," kaa chini, mwache amalize chai. Kisha mwulize: ilikuwa kabla ya mvua ya El Nino ya 1997 au baada? Kifungua mimba wako alikuwa ameanza shule? Kumbukumbu ya mtu imeshikamana na mambo yaliyompata, haijashikamana na tarakimu. Mwombe pia picha za zamani za hoteli, maana ukuta unasema. Picha ya rais iliyotundikwa juu ya keshia itakuonyesha enzi: Kenyatta hadi 1978, Moi hadi 2002, Kibaki hadi 2013. Kalenda iliyo nyuma ya mteja itakutajia mwaka wenyewe. Bango lenye namba ya simu ya mkononi haliwezi kuwa la miaka ya 1980. Huo ndio upelelezi, na hauhitaji bastola.

Mkipata jina la fundi, msiishie hapo. Nendeni kwake, kama yu hai. Mwonyesheni picha ya kazi yake. Aulizwe alijifunza kwa nani, jiwe lilitoka shimo lipi, na nani alisugua. Mama aliyesugua naye aandikwe, tafadhali. Pande zote mbili za jiwe ziling'aa kwa mikono yake, na sisi ni mabingwa wa kumsahau.

Maandishi ya ukutani yanakiliwe neno kwa neno, hata yakiwa na makosa ya tahajia. Kama mchoraji aliandika "mukopo", andika "mukopo". Usijifanye mwalimu wa zamu. Hicho ndicho Kiswahili kilichoishi Kisii kwa wakati wake, chenye ladha ya Ekegusii, na siku moja mtaalamu wa isimujamii atakushukuru.

Mwisho kuna miiko mitatu. Mosi, hatukusanyi vitu, tunakusanya habari. Kifaru abaki kabatini kwa mwenyewe. Asionekane mwanachama na begi zito. Tusije tukageuka wale wezi wa vigango kwa jina la utamaduni. Kama mwenye hoteli anataka kutupa, hapo aombwe kwa maandishi, na kitu kiwekwe maktaba ya shule pamoja na jina la aliyekitoa. Pili, kuna vitu ambavyo havikutengenezwa viwe mapambo. Mkikuta chombo cha ukoo, au kitu ambacho wazee wanakiongelea kwa sauti ya chini, fungeni daftari. Si kila cha ukutani kilipaswa kuwa ukutani. Tatu, tusiseme uongo. Ukutani mwa hoteli zetu kuna vinyago vya kuvaa usoni vya mitindo ya Kongo na Afrika Magharibi. Usiandike "kinyago cha mababu wa Kigusii" ili kupamba hadithi. Andika kilipotoka, na kama mwenye hoteli alikinunua Nairobi, andika Nairobi.

Ndugu msomaji, wachongaji waliotoa kazi za miaka ya 1970 na 1980 sasa ni wazee. Wengine mikono inatetemeka, wengine vumbi la jiwe limewakaa kifuani, wengine wametangulia mbele ya haki. Kila mwaka tunaongojea, jina moja linazikwa. Kifaru atabaki, maana jiwe halina haraka. Lakini atabaki bubu. Chama chetu kimeshinda mashindano ya mashairi na mijadala, na nyimbo zetu zimesifiwa. Sasa tukifanye jambo ambalo litamfaa mtu asiyejua hata kwamba tupo. Haba na haba hujaza kibaba. Wanachama arobaini, hoteli arobaini, likizo moja. Tukirudi muhula ujao, Daftari liwe mezani pa patroni wetu, na ukurasa wa kwanza uwe na jina la mtu.